Habari za Roger Williams, Aliyejenga Mji wa Providence

Katika nchi ya Marekani, upande wa mashariki, mahali ghuba ya Narragansett inapoingia ndani ya nchi, uko mji uitwao Providence, yaani Maongozi ya Mungu. Mtu aliyeupa jina hilo alikuwa mchungaji, naye alikuwa amefukuzwa na Wakristo wenzake. Ndugu wasomaji, habari zake zafaa kusomwa na kila mtu aketiye katika baraza la wazee, liwe la kanisa au la kijiji. Maisha yake yote yalishughulika na swali moja: watu wasiopatana katika mambo makubwa, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amepotea, waweza kukaa katika mji mmoja na kusema wazi, pasipo mmoja kumwitia mwenzake askari?

Roger Williams alizaliwa London yapata mwaka wa 1603. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya nguo, na nyumba yao ilikuwa karibu na uwanja wa Smithfield. Katika uwanja huo, mwaka wa 1612, mtu aitwaye Bartholomew Legate alichomwa moto akiwa hai kwa ajili ya mafundisho yake juu ya Kristo. Legate alikosa sana katika mafundisho hayo, wala hapana mtu wa kanisa letu awezaye kuyakubali. Lakini kijana Roger alikuwa na umri wa miaka kama tisa, na mahali pale palikuwa karibu na mlango wa kwao. Baadaye Edward Coke, mwanasheria mkubwa wa zama zile, alimwona kijana huyu akiandika kwa mkato maneno ya barazani, akampenda, akamsaidia kwenda shule. Akasoma Cambridge, akapata shahada yake mwaka wa 1627, akawa mchungaji wa nyumba ya bwana mmoja mkubwa.

Mwezi wa Desemba 1630 alipanda merikebu huko Bristol pamoja na mkewe Mary, wakafika Boston katika Februari 1631. Wakaaji wa Boston walikuwa Wapuritani, watu wacha Mungu na wenye bidii, waliokimbia taabu walizotiwa na maaskofu wa Uingereza. Walivuka bahari ili wamwabudu Mungu kama walivyoona ni haki. Lakini walipokwisha kujenga nyumba zao hawakumruhusu mtu mwingine aabudu kwa namna yake. Asiyekuwa mshirika wa kanisa lao hakuwa na kura. Wakampa Williams kazi ya kufundisha katika kanisa la Boston, kazi ya heshima kubwa kwa kijana, naye akaikataa, kwa kuwa kanisa hilo halikukata ushirika na Kanisa la Uingereza. Hapa naona alikuwa mkali kupita kiasi. Alitafuta duniani kanisa lisilo na doa, na mtu atafutaye hilo hutembea sana. Mwaka wa 1639 alibatizwa upya, akaanzisha kanisa la kwanza la Wabatisti katika Marekani. Baada ya miezi michache akalitoka hilo nalo, wala hakujiunga na jingine mpaka kufa kwake.

Lakini neno jingine alilolisema halikuwa ukali wa bure. Alifundisha ya kuwa waamuzi wa serikali hawana mamlaka juu ya amri za kibao cha kwanza, yaani zile zihusuzo ibada ya Mungu mwenyewe (sisi twazihesabu tatu, wao huhesabu nne). Mtu akiiba au akiua, serikali na imwadhibu. Akimwabudu Mungu vibaya, kanisa na limwonye kwa Neno, na serikali imwache. Walimu wetu watakumbuka kwamba Luther naye, mwaka wa 1523, aliandika juu ya mipaka ya serikali ya dunia, kwamba upanga haufiki rohoni. Ila nchi za Kilutheri zenyewe hazikulishika neno hilo siku zote.

Tena Williams aliandika kwamba mfalme wa Uingereza hakuwa na haki ya kuigawa nchi ya Marekani kwa hati yake, kwa sababu nchi ile ilikuwa na wenyewe. Wenyeji waliwinda humo, walilima mahindi, walichoma nyika kwa majira yake, na kila kabila lilijua mpaka wake. Mgeni atakaye shamba na alinunue kwao. Neno hilo liliwatia hofu wakubwa wa Massachusetts, maana nyumba zao zote zilisimama juu ya hati ya mfalme.

Mwezi wa Oktoba 1635 Baraza Kuu likamwita. Mchungaji Thomas Hooker aliwekwa kuhojiana naye mbele ya watu, asiweze kumgeuza hata katika neno moja. Ndipo likamhukumu kuondoka katika nchi. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa, akapewa nafasi mpaka baridi ipite, kwa sharti asiwavute watu. Akanyamaza hadharani, lakini watu waliendelea kuja nyumbani mwake Salem, naye aliendelea kusema nao. Mwezi wa Januari 1636 waamuzi wakaazimu kumkamata na kumpakia merikebuni arudishwe Uingereza. Askari walipofika, walikuta amekwisha kuondoka tangu siku tatu.

Aliyempelekea habari kwa siri alikuwa John Winthrop, mmoja wa wakubwa wa Massachusetts, ambaye hapo kwanza alikuwa mtawala wake. Nastaajabia sana jambo hili. Winthrop aliamini kwamba Williams amekosa, wala hakuipinga hukumu ile. Hata hivyo hakutaka ashikwe. Wakaandikiana barua kama marafiki mpaka Winthrop alipofariki mwaka wa 1649, na kwa barua hizo twajua habari nyingi za Williams.

Kwa majuma 14 alitangatanga katika theluji, hana makao. Wenyeji ndio waliomwokoa: kwanza Massasoit, mkuu wa Wawampanoag, na baadaye wakuu wa Wanarragansett, mzee Canonicus na mpwa wake Miantonomi. Williams alikuwa amelala zamani katika vibanda vyao vyenye moshi, akijifunza lugha yao. Canonicus hakuwaamini Waingereza maisha yake yote, lakini mtu huyu mmoja alimpenda kama mwanawe. Wakampa mahali penye chemchemi na mto, na hapo, mwaka wa 1636, akaanza mji wake.

Wenye nyumba wa Providence walitia sahihi mapatano mafupi sana. Waliahidi kuyatii yale yatakayokubaliwa na walio wengi, katika mambo ya mji tu. Neno hilo la mwisho ni dogo, lakini ndilo lililokuwa jipya. Mambo ya imani yalibaki kusemwa, kubishaniwa na kuhubiriwa, wala hayakupigiwa kura.

Muda si mrefu wakajaribiwa. Jirani wa Williams, Joshua Verin, alikuwa na mke aliyependa kwenda nyumbani mwa Williams kusikiliza mafundisho. Mumewe akamkataza, hata akampiga sana. Mwezi wa Mei 1638 watu wakakutana kulitengeneza shauri hilo. William Arnold akasimama kumtetea Verin: Mungu amemwagiza mke amtii mumewe, na mji uliojengwa ili kila mtu afuate dhamiri yake wawezaje kumlazimisha Verin avunje ya kwake? Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, wala sidhani kuna mzee wa kanisa asiyepata kuisikia katika mashauri ya ndoa. Wengine wakajibu kwamba uhuru wa dhamiri haukuwekwa kwa waume peke yao, na kwamba mkono wa mume hauwi ibada kwa kuitwa hivyo. Wakapiga kura, na Verin akaondolewa haki yake ya kura mpaka ageuke. Hakugeuka; akarudi Salem pamoja na mkewe. Basi baraza lilishinda kwa hoja, na yule mwanamke akaenda zake pamoja na mtu yule yule. Yafaa tulikumbuke hilo tunapousifu mji ule.

Katika siku hizo vita vilitokea kati ya Waingereza na Wapequot. Wale wale waliomfukuza Williams wakamwomba awazuie Wanarragansett wasiungane na adui. Akaingia katika mtumbwi wakati wa dhoruba, akakaa siku tatu kwa Canonicus, nyumba moja na wajumbe wa Wapequot, akafaulu kwa maneno. Alimwandikia Winthrop ya kuwa wanawake na watoto waachwe. Hawakuachwa: mwezi wa Mei 1637 ngome ya Wapequot kando ya mto Mystic ilichomwa moto, na watu kwa mamia wakafa humo. Wala Massachusetts haikuifuta hukumu yake juu ya Williams.

Mwaka wa 1643 alisafiri kwenda London kuutafutia mji wake hati ya kisheria, akaipata kwa Bunge mwaka wa 1644. Safarini alitunga kitabu cha lugha ya Wanarragansett, kilichochapwa mwaka ule ule wa 1643. Si kamusi tu. Ndani yake yamo mazungumzo ya kila siku, jinsi watu wanavyosalimiana, wanavyokaribisha wageni, wanavyoomboleza. Mtu aliyejifunza lugha namna hiyo amekwisha kuketi na kusikiliza. Mwaka wa 1644 akatoa kitabu kingine, ambamo Kweli na Amani huzungumza kama watu wawili, kupinga mateso kwa ajili ya imani. Humo alidai uhuru kwa Wakatoliki, Wayahudi, Waislamu na hata wapagani. Bunge likaamuru kitabu hicho kichomwe. Mchungaji John Cotton wa Boston akamjibu kwa kitabu mwaka wa 1647, na Williams akamjibu tena mwaka wa 1652. Watu hao wawili walichukizana kwa miaka mingi, lakini kwa wino.

Tangu 1654 mpaka 1657 alikuwa rais wa koloni lake, akaona taabu ya upande wa pili. Watu walisimama wakasema kwamba, kwa kuwa pana uhuru wa dhamiri, hawapaswi kutii amri ya kushika silaha wala amri nyingine. Akawajibu mwaka wa 1655 kwa mfano wa merikebu iliyopakia watu wa dini mbalimbali. Asilazimishwe mmoja kwenda sala ya mwingine. Lakini nahodha na aamuru njia ya chombo, na abiria walipe nauli, na atakayezuia kazi ya mabaharia aadhibiwe.

Ndipo wakaja watu wa Jamii ya Marafiki, waitwao Quaker, ambao ushirika wao umekuwako Kaimosi katika Kenya tangu 1902. Boston iliwanyonga wanne kati yao katika miaka ya 1659 hadi 1661. Makoloni jirani yalidai kwamba Providence na miji wenzake iwafukuze nayo, ikakataa. Si kwamba Williams aliwapenda. Aliyachukia mafundisho yao, kwa sababu aliona wanaiweka nuru ya ndani juu ya Maandiko. Basi mwaka wa 1672, akiwa mzee wa miaka karibu 70, aliandika hoja 14, akamwalika kiongozi wao George Fox wahojiane hadharani. Fox alikuwa amekwisha kuondoka, lakini Marafiki watatu wakakubali. Williams akapiga makasia mwenyewe kutwa nzima, maili kama 30, akafika Newport karibu na usiku wa manane. Wakahojiana siku tatu katika mji huo, na siku ya nne Providence. Mtawala wa koloni wakati huo alikuwa Nicholas Easton, naye alikuwa Rafiki. Hapakuwa na utulivu: walikatizana maneno, watu wakapiga kelele, na kitabu alichokitoa Williams baadaye kimejaa matusi yasiyompendeza mchungaji. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Jioni kila mtu alirudi kwake, na hapakuwa na aliyefungwa.

Laiti habari zake zingeishia hapo. Mwaka wa 1675 vita kuu vilizuka kati ya Waingereza na wenyeji, na katika Desemba Waingereza waliwashambulia Wanarragansett katika ngome yao. Mwezi wa Machi 1676 wenyeji wakauchoma mji wa Providence, na nyumba ya Williams ikateketea. Vita vilipokwisha, mateka walipelekwa utumishi wa lazima kwa miaka mingi, na bei yao ikagawanywa kwa watu wa mji. Williams alikuwa mmoja wa kamati iliyosimamia kazi hiyo, akapokea fungu lake. Yeye aliyesema kwamba nchi ina wenyewe, aliyelala vibandani mwao na kula mahindi yao, aliwauza jamaa za watu wa Canonicus. Wako wanaosema kwamba katika makoloni mengine waliuzwa ng'ambo ya bahari kuwa watumwa wa milele, na kwamba kule Providence muda uliwekwa. Ni kweli, lakini katika kamati ile hakuna Mnarragansett aliyeulizwa neno.

Mwaka wa 1682, akiwa mzee na maskini, alikaa kando ya moto wake akayakusanya mafundisho aliyokuwa amewapa Waingereza waliotawanyika katika nchi ya Narragansett. Hakuwa na fedha za kuyachapa. Akaandika barua ya kuomba msaada kwa Simon Bradstreet, mtawala wa Massachusetts, koloni lile lile ambalo hukumu yake ya kumfukuza ilikuwa bado inasimama. Alifariki mwanzoni mwa mwaka wa 1683, na kitabu hicho hakikuchapwa.