Louvois: alihesabu askari mbele ya kuwalipa

Siku ya mushahara, kila mufanyakazi anajiuliza: listi iliandikwa na nani, na feza inapitia mukono wa nani? Leo tunawaletea maisha ya Mufaransa aliyepambana na jambo hilo: François-Michel Le Tellier, marki wa Louvois.

Alizaliwa Paris mwaka wa 1641. Baba yake, Michel Le Tellier, alisimamia mambo ya vita ya mufalme Louis XIV, na kijana akajifunza kazi pembeni yake. Mwaka wa 1677 baba alipanda cheo, mutoto akabaki na kazi yote.

Wakati ule kapiteni alikuwa na kompani yake kama vile mutu ana duka. Mufalme alitoa feza kwa hesabu ya vichwa. Basi mwenye askari 30 aliandika 50. Siku ya ukaguzi alikopa watumishi na watu wa mujini, wakasimama kwenye mustari na bunduki. Kesho yake wamekwisha rudi kwao, feza yao iko mufukoni mwa kapiteni. Askari wa kweli naye alikosa mushahara, akaiba kuku za wanakijiji juu ya njaa.

Dawa ya baba na mutoto ilikuwa kuongeza wahesabuji. Makomisere wa vita, watu wa mufalme wasioamriwa na kapiteni, walitumwa kuita majina, na malipo yakafuata waliopo tu. Askari aliyefichua jina la uongo alipata zawadi na ruhusa ya kurudi nyumbani. Kapiteni mwizi alifukuzwa.

Lakini komisere mwingine alikula pamoja na kapiteni. Kwa hiyo tangu 1667 Louvois aliweka wakaguzi wakubwa, kama Martinet kwa askari wa miguu. Wizi haukuisha, ila ulipungua, na mwaka wa 1678 jeshi lilipita askari 250.000 kwenye makaratasi.

Hatumusifu kwa yote. Askari wake waliwatesa Waprotestanti ndani ya nyumba zao, na mwaka wa 1689 walichoma Mannheim na miji mingine ya Ujerumani. Alikufa ghafula, Versailles, mwaka wa 1691.

Tunabakia na fundisho moja: anayeamuru watu asishike feza yao, na anayewahesabu asiwe mutu wake.