Sidi Mubarak Bombay: Kutoka Utumwani hadi Kiongozi wa Misafara ya Bagamoyo

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

MJI Mkongwe wa Bagamoyo unafahamika kwa nyumba zake za mawe, kanisa la wamisionari na Magofu ya Kaole yaliyo jirani. Hata hivyo, kabla ya reli na magari, mji huu ulikuwa kituo kikuu cha watu waliopata riziki yao kwa miguu. Maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka kutoka bara na pembe za ndovu. Baada ya kupumzika, walijitwisha nguo, shanga na nyaya za shaba, wakaishika tena njia ya Tabora na Ujiji, mwendo wa takribani kilomita 1,200.

Miongoni mwa waliowaongoza watu hao, wachache walitembea masafa marefu kama Sidi Mubarak Bombay.

Mubarak alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa bado mtoto, kijiji chao kilivamiwa, naye akachukuliwa mateka hadi Kilwa na kuuzwa. Hatimaye alivushwa bahari hadi India, alikomtumikia mfanyabiashara kwa miaka mingi. Bwana wake alipofariki, Mubarak alipata uhuru wake, akarejea Zanzibar na kuwa askari wa Sultani. Kutoka India alirudi na jina la Bombay pamoja na lugha ya Kihindustani.

Lugha hiyo ndiyo iliyomfungulia njia. Mwaka 1857, akiwa katika kituo cha askari karibu na Pangani, alikutana na Waingereza Richard Burton na John Speke. Speke alikifahamu Kihindustani lakini hakujua Kiswahili; hivyo mengi aliyoyauliza njiani na mengi aliyojibiwa yalipita kinywani mwa Bombay. Msafara huo ulianzia Kaole mwezi Juni, ukafika Ziwa Tanganyika mwaka 1858. Mwezi Agosti mwaka huo huo, Bombay alikuwa pamoja na Speke alipoliona Ziwa Nyanza, ambalo Speke aliliita Victoria.

Mwaka 1860 aliondoka tena Bagamoyo, safari hii na Speke na James Grant. Walipita Karagwe na Buganda, kisha wakaelekea kaskazini na kuufuata Mto Nile hadi Misri, na Bombay akarejea Zanzibar kwa bahari. Mwaka 1871 aliwaongoza askari wa msafara wa Henry Stanley, uliotoka Bagamoyo kumtafuta David Livingstone na kumkuta Ujiji.

Safari yake ndefu zaidi ilianza mwaka 1873, alipokuwa msaidizi mkuu wa Verney Lovett Cameron. Walipofika Tabora walikutana na wafuasi wa Livingstone, akina Chuma na Susi, waliokuwa wakiubeba mwili wake kuelekea Bagamoyo. Msiba huo ulikuwa sababu tosha ya kurudi nyuma, kwani Cameron alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Hata hivyo, msafara uliendelea magharibi, na Novemba 1875 ukaifikia Bahari ya Atlantiki katika nchi ambayo leo ni Angola. Bombay alikuwa amelivuka bara zima kwa miguu.

Kuongoza msafara hakukuwa kazi ya nguvu peke yake. Kiongozi alitakiwa kujua mahali pa maji na chakula, kujadiliana na watawala kuhusu hongo, kugawa posho na kuwatuliza wapagazi waliotaka kutoroka. Vitabu vya wasafiri hao vinamlaumu Bombay mara kwa mara, ikiwemo kwa ulevi. Pamoja na lawama hizo, aliendelea kutafutwa misafara mipya ilipoandaliwa.

Mwaka 1876 Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya Uingereza ilimtunuku medali ya fedha na kumpatia pensheni. Alifariki dunia Zanzibar mwaka 1885, mwaka ambao Ujerumani ilitangaza ulinzi wake juu ya sehemu za bara alizokuwa amezipita kwa miguu.

Kwa muda mrefu, historia ya safari hizo imesimuliwa kwa majina ya waliozigharamia na kuziandika. Maisha ya Bombay yanadhihirisha kwamba njia hizo zilikuwa zikijulikana tayari na watu waliozipita kila msimu, na kwamba mtoto aliyeuzwa Kilwa alikuja kuwa mtu ambaye wageni hawakuweza kusafiri bila yeye.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwananchi anayeutembelea Bagamoyo anakumbushwa kwamba urithi huo si majengo pekee. Ni pamoja na kumbukumbu ya wapagazi, askari na viongozi wa misafara, akiwemo Sidi Mubarak Bombay.