Michael Faraday na Chumba Chake

Je, umepata kusikia redio ikikwaruza wakati mashine ya umeme inapowashwa karibu nayo? Basi soma habari za Michael Faraday, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1791. Baba yake alikuwa mhunzi maskini. Faraday alifundishwa kazi ya kujalidi vitabu, akajielimisha kwa kuvisoma.

Mwaka 1836 alijenga chumba cha mbao, akakizungushia waya na karatasi nyembamba za bati. Aliingia ndani na vyombo vya kupimia umeme, huku cheche zikiruka nje. Vyombo havikuonyesha umeme wowote! Faraday alifariki mwaka 1867.

Leo mafundi hufunika mitambo ya umeme kwa kasha la metali, ili misukosuko yake isitoke na kuisumbua redio yako.