Profesa Kenneth Dike: Msomi Aliyeokoa Kumbukumbu za Nchi Yake

Ndugu msomaji, kijana wa leo akiambiwa asome historia, la kwanza huuliza: itanipa kazi gani? Basi hebu tumtazame mtu aliyeisoma, ikamfikisha kwenye kiti cha mkuu wa chuo kikuu, kisha kiti hicho akakiacha mwenyewe. Huyu ni Profesa Kenneth Onwuka Dike wa Nigeria. Hakuwa Muislamu, alikuwa Mkristo, lakini kazi yake inatuhusu na sisi, kama utakavyoona.

KUZALIWA NA MASOMO

Dike alizaliwa mwaka 1917 mjini Awka, mashariki ya Nigeria, katika watu wa Igbo. Nchi yake wakati huo haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, kwa hivyo ilibidi aifuate elimu iliko. Alisoma Achimota, nchi inayoitwa sasa Ghana, kisha Fourah Bay huko Sierra Leone, halafu Aberdeen, na mwisho London alikopata udaktari wake mwaka 1950.

Siku hizo wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba Mwafrika hana historia ila ile aliyoletewa na mzungu. Dike akaandika juu ya biashara na siasa katika delta ya mto Niger, 1830 hadi 1885. Alizisoma barua za maofisa wa Kiingereza, lakini hakuishia hapo, bali alizichukua pia habari za wazee wenyeji zilizopokewa kwa mdomo. Akaonyesha kwamba miji kama Bonny ilikuwa na watawala na matajiri wake, waliowafanya wazungu wangoje pwani miaka mingi. Mmoja wao ni Jaja, aliyeuzwa utumwani utotoni, akapanda mpaka akaanzisha dola ya Opobo mwaka 1869. Waingereza walimkamata na kumhamisha mwaka 1887. Kitabu hicho kilitoka Oxford mwaka 1956, na kikawafungulia njia wanahistoria wengi wa Kiafrika.

KARATASI NA MCHWA

Aliporudi kufundisha Ibadan mwaka 1950, Dike alikuta jambo la kusikitisha. Mafaili ya serikali yalikuwa yamerundikwa ovyo maofisini, mengine yakiliwa na wadudu, mengine yakioza kwa unyevu. Sasa historia itaandikwa kwa nini, ikiwa karatasi zimekwisha? Akazunguka nchi, mkoa hadi mkoa, akiyakagua. Ripoti yake ikazaa ofisi ya kumbukumbu mwaka 1954, naye akawa mkurugenzi wa kwanza. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nigeria. Mwaka 1955 akawa pia rais wa kwanza wa chama cha wanahistoria nchini humo.

KITI CHA UKUU

Mwaka 1960 Dike akawa Mnigeria wa kwanza kukiongoza chuo cha Ibadan, na mwaka 1962 chuo kilipojitegemea kutoka London akawa makamu mkuu wake wa kwanza. Kazi hiyo si mchezo: mikutano, bajeti, kuajiri, kusuluhisha. Wako waliomlaumu kwamba anawapendelea watu wa kabila lake. Na katika maisha yake hakutoa tena kitabu kikubwa kama kile cha kwanza. Hiyo ndiyo bei aliyolipa.

Lakini wengine waliandika kwa sababu yake. Katika uongozi wake ilifunguliwa taasisi ya masomo ya Afrika, na mwaka 1964 kikaanzishwa humo kituo cha kukusanya hati za Kiarabu. Hapa ndipo panapotuhusu. Maulamaa wa kaskazini kama Sheikh Uthman dan Fodio, nduguye Abdullahi na mwanawe Muhammad Bello waliacha vitabu vingi vya mkono. Kwa kuzitafuta na kuzipiga picha hati kama hizo, dunia ilizidi kujua kwamba Afrika ilikuwa na wasomi wake kabla ya mkoloni.

KUACHA MADARAKA

Mwaka 1966 Nigeria ilipata mapinduzi mawili, na Waigbo kwa maelfu wakauawa, hasa kaskazini. Mwezi wa Disemba Dike akajiuzulu, akarudi kwao mashariki. Vita vilipowaka, 1967 hadi 1970, alisimama upande wa Biafra na kuisemea nchi za nje. Baada ya kushindwa alikwenda kufundisha Harvard, Marekani. Angeweza kuzeekea huko kwa raha zake, lakini alirudi nyumbani, na mwaka 1980 akaanza upya na chuo kikuu kichanga cha teknolojia cha jimbo la Anambra. Alifariki Enugu, Oktoba 1983.

TUJIFUNZE NINI?

Kijana mwenzangu, hapa pwani kwetu, Lamu, Siyu, Mombasa, zimo nyumba zenye makasha ya barua, tenzi na hati za mirathi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bibi akifa, kasha hufunguliwa, na asiyejua kusoma huona ni takataka. Mchwa naye hangoji ruhusa.

Ramadhani hii, mkikaa pamoja baada ya futari, muulize babu au bibi kasha liko wapi. Mwombe akusomee. Ukiruhusiwa zipige picha, zifunge vizuri, ziweke pakavu, wala usiuze. Dike alianza na mafaili yaliyooza, na leo watu wanayasoma.

Wabillahi tawfiq.