Almasi iliyoitwa Saluti: maisha ya Vladimir Chelomey

Katika somo la leksikolojia mwalimu wetu alitupa kazi: kila mmoja achague neno moja la Kiswahili lililotoka katika Kiarabu, kisha afuate safari yake katika lugha nyingine. Mimi nilichagua almasi. Sababu yangu ilikuwa ya nyumbani. Babu yangu alichimba almasi huko Mbuji-Mayi, na neno hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nikakuta kwamba Waarabu walilipata kwa Wagiriki, kwamba Kiswahili kililipokea kwa Waarabu, na kwamba Warusi nao, kwa kupitia lugha za Kituruki, wanasema almaz. Nilipotafuta almaz ya Kirusi imetumika wapi, nikakutana na kitu nisichokitazamia: kituo cha anga cha kijeshi, chenye mzinga. Nyuma ya kituo hicho alikuwapo mtu mmoja, Vladimir Nikolayevich Chelomey. Kazi ya darasa niliimaliza kwa kurasa mbili, lakini mtu huyu hakuniacha. Ndugu msomaji, haya ndiyo niliyoyakusanya juu yake.

Alizaliwa tarehe 30 Juni 1914 katika mji wa Siedlce, ambao leo uko Poland lakini wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Wazazi wake walikuwa walimu. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaka, familia ilikimbilia Poltava, nchini Ukraine, na mwaka 1926 ikahamia Kyiv. Huko kijana Vladimir alisomea ufundi wa ndege, akamaliza mwaka 1937. Kabla hajamaliza, mwaka 1936, alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha hesabu kwa ajili ya wanafunzi. Alikuwa na umri wa miaka 22, yaani umri wa wengi wetu tunaosoma jarida hili.

Elimu aliyoipenda ilikuwa elimu ya mitetemo. Kila injini hutetemeka, na mtetemo usiopimwa huvunja chuma. Chelomey alitafuta kujua lini mtetemo unabomoa na lini unasaidia. Hata uzeeni aliendelea na jambo hilo. Alionyesha jinsi fimbo inavyoweza kusimama wima bila kushikwa, mradi sehemu yake ya chini itikiswe kwa kasi. Nadhani jambo hilo linafanana kidogo na maisha yake: alisimama pale tu palipokuwa na msukosuko chini yake.

Wakati wa Vita ya Pili alifanya kazi Moscow katika taasisi ya injini za ndege, akatengeneza injini inayochoma mafuta kwa milipuko midogo midogo inayofuatana. Mwaka 1944 Wajerumani walianza kuipiga London kwa mabomu yanayoruka yenyewe, nayo yalitumia injini ya aina hiyo hiyo. Wakubwa wa Muungano wa Kisovieti wakamkumbuka. Akiwa na miaka 30 tu alikabidhiwa kiwanda cha Polikarpov, mtengenezaji mashuhuri wa ndege aliyekuwa amefariki mwaka huo. Alitengeneza makombora mengi ya majaribio, lakini jeshi halikuridhika nayo. Mapema mwaka 1953 kiwanda kilichukuliwa kwake, kikatiwa mikononi mwa watu wa Mikoyan, watengenezaji wa ndege za MiG.

Alianza upya mwaka 1955 huko Reutov, pembeni mwa Moscow. Fikra iliyomwinua ilikuwa nyepesi kueleza. Kombora lenye mabawa ni pana, halienei katika nyambizi. Wengine walitaka mabaharia wapande juu na kuunganisha mabawa baharini, huku adui akiwaona. Chelomey alisema kombora likae ndani ya bomba, mabawa yakiwa yamekunjwa, na likitoka lifungue mabawa lenyewe. Jeshi la majini lililikubali kombora hilo, P-5, mwaka 1959. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwajiri mhandisi kijana, Sergei Khrushchev, mwana wa kiongozi wa nchi.

Hapa sitaki kumpamba mtu huyu. Wakati Khrushchev mzee alipokuwa na nguvu, Chelomey alipanuka kwa kula vya wenzake. Mwaka 1960 ofisi ya Myasishchev iliyoko Fili, Moscow, iligeuzwa kuwa tawi lake. Mtu aliyenyang'anywa kiwanda mwaka 1953 sasa alipewa cha mwingine. Tawi hilo ndilo lililotengeneza roketi kubwa, UR-500, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1965. Ulimwengu unaijua kwa jina la Proton, jina la setilaiti za kwanza ilizobeba. Alitengeneza pia UR-100, kombora la kubeba bomu la nyuklia, ambalo lilipangwa kwa mamia ardhini. Kazi yake ilikuwa silaha, na mwenyewe alilijua hilo.

Mnamo Oktoba 1964, siku chache kabla Khrushchev hajapinduliwa, Chelomey aliwaambia wahandisi wake watengeneze kituo cha anga cha kijeshi. Wamarekani walikuwa wametangaza chao Desemba 1963, kituo cha kuwaweka wanajeshi angani wakipiga picha za nchi ya adui. Cha Chelomey kilipewa jina la siri: Almaz. Tume zilikuja kumchunguza baada ya mlinzi wake kuanguka, lakini kazi ya Almaz iliendelea. Wamarekani waliacha mpango wao mwaka 1969. Warusi hawakuacha.

Almaz ilikuwa silinda yenye urefu wa mita 14 na nusu hivi, upana wa mita 4.15 penye unene mkubwa, na uzito wa tani 18 au zaidi. Sehemu nyembamba ya mbele ilikuwa ya kuishi: meza ya kulia, kitanda kimoja cha kudumu na kingine cha kukunja, dirisha la kutazamia. Sehemu nene ilikuwa ya kazi. Katikati yake ilisimama kamera iitwayo Agat, iliyochukua nafasi kubwa kuliko wanaanga wenyewe. Umbali wake wa lenzi ulikuwa mita 6.4, na ili uenee humo ndani mwanga ulikunjwa kwa vioo. Wanaanga walitazama ardhi kwa darubini maalumu iliyoweza kulifanya eneo moja lionekane kama limetulia, ingawa kituo kilikuwa kinakwenda kasi. Wakiona kitu cha maana, walipiga picha, wakaosha filamu humo humo angani, kisha wakatuma picha muhimu duniani kwa njia ya televisheni. Filamu nyingine ziliwekwa katika kapsuli ndogo, ikadondoshwa kurudi Urusi.

Na mzinga? Ulikuwa mzinga wa kufyatua kwa haraka, uliotokana na mizinga ya ndege za kivita, umefungwa chini ya tumbo la kituo. Kazi yake ilikuwa kujilinda dhidi ya chombo cha adui kitakachosogea. Haukuweza kugeuka wenyewe: aliyetaka kulenga alipaswa kugeuza kituo kizima, tani zote hizo, hadi mdomo wa mzinga uelekee shabaha. Na kwa kuwa kila risasi ingekisukuma kituo nyuma, injini zilipaswa kukizuia. Hapa naona elimu ya mwanamitetemo ilikuwa na kazi.

Lakini almasi hiyo ilichelewa. Vifaa vyake vilikuwa vigumu, na chombo cha kupelekea watu na mizigo, kilichoitwa TKS, kilikuwa kikubwa karibu sawa na kituo chenyewe. Baada ya Wamarekani kutembea mwezini mwaka 1969, wakubwa wa Kremlin walitaka ushindi wa haraka. Wahandisi wa ofisi iliyoachwa na marehemu Korolev walikwenda kwa Dmitri Ustinov, kiongozi wa viwanda vya silaha, ambaye hakumpenda Chelomey. Wazo lao lilikuwa kuchukua viwiliwili vya Almaz vilivyokwisha kutengenezwa, kutia ndani vifaa vya chombo cha Soyuz, na kuruka mapema. Mwaka 1970 iliamriwa hivyo. Tarehe 19 Aprili 1971 kituo cha kwanza cha anga katika historia kilipaa juu ya roketi ya Proton. Kiwiliwili kilikuwa cha Chelomey, roketi ilikuwa ya Chelomey, lakini kituo kilihesabiwa kuwa cha wengine.

Kwanza kilitakiwa kuitwa Zarya, maana yake mapambazuko. Lakini Zarya lilikuwa tayari ni jina ambalo wanaanga walilitumia redioni kuwaita waongozaji wao walioko ardhini. Basi kikaitwa Salyut, neno ambalo nasi tunalo: saluti.

Sasa tazama, msomaji mwanalugha, neno linavyoweza kuwa pazia. Almaz ya kwanza iliporuka tarehe 3 Aprili 1973, magazeti hayakuitaja Almaz. Ilitangazwa kama Salyut 2, ili ulimwengu uidhanie kuwa mdogo wake yule wa kiraia. Siku chache baadaye ilipoteza hewa, ikafa bila kuingiwa na mtu. Ya pili iliruka Juni 1974, ikaitwa Salyut 3. Pavel Popovich na Yuri Artyukhin walikaa humo kwa wiki mbili hivi mwezi wa Julai, wakapiga picha. Wenzao waliofuata mwezi wa Agosti walishindwa kuunganisha chombo chao na kituo. Tarehe 24 Januari 1975, kituo kikiwa hakina mtu na kikikaribia kuangushwa, waongozaji wa ardhini walifyatua ule mzinga. Wakati huo ulimwengu haukuambiwa. Ya tatu, Salyut 5, iliruka mwaka 1976. Boris Volynov na Vitaly Zholobov walirudi kabla ya wakati kwa sababu ya ugonjwa, na watu wakashuku hewa ya kituo kuwa na sumu. Viktor Gorbatko na Yuri Glazkov waliingia Februari 1977 wakiwa na vinyago usoni, wakapima, wasione sumu.

Ikawa mwisho. Setilaiti zisizo na watu zilikuwa zimejifunza kupiga picha bila kula, bila kulala, bila kuugua. Mwaka 1978 mpango wa kupeleka watu katika Almaz ulisimamishwa. Chelomey aligeuza kituo kiwe mashine ya rada isiyo na watu. Kilipokuwa tayari, Ustinov, aliyekuwa sasa Waziri wa Ulinzi, hakuruhusu kirushwe. Chombo chake TKS kiliruka, lakini hakikuwahi kubeba mtu. Kilikwenda kuungana na vituo vya ofisi ile iliyochukua viwiliwili vyake.

Wananchi wa kawaida walimjua, kama walimjua, kuwa mwanachuo, mwalimu wa chuo cha ufundi cha Bauman na mwanachama wa Akademia ya Sayansi. Alipewa mara mbili nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa, lakini kazi yenyewe haikutajwa hadharani. Alifariki tarehe 8 Desemba 1984, baada ya kuvunjika mguu nyumbani kwake shambani. Ustinov alifariki tarehe 20 mwezi huo huo. Siku 12 tu ziliwatenga mahasimu hao wawili.

Kituo cha rada kilirushwa mwaka 1987. Kingine kikafuata tarehe 31 Machi 1991, nacho kiliitwa waziwazi Almaz-1. Hivyo jina halisi lilitajwa kwa watu wote miaka sita baada ya mwenye jina kuzikwa, na katika mwaka ule ule ambao nchi yake ilivunjika.

Kisha likaja jambo lililonifanya nifunge daftari na kukaa kimya. Tarehe 20 Novemba 1998 sehemu ya kwanza ya Kituo cha Kimataifa cha Anga ilipaa kutoka Baikonur. Roketi ilikuwa Proton. Chombo kilitokana na TKS, kikatengenezwa Fili, katika lile tawi lililokuwa la Myasishchev kabla ya kuwa la Chelomey. Gharama ililipwa na Wamarekani, wale wale ambao Almaz ilibuniwa iwapeleleze. Jina lake? Zarya. Mapambazuko yaliyokataliwa mwaka 1971 yalirudi.

Nimejiuliza kwa nini maisha haya yananigusa mimi, mwanafunzi wa lugha ambaye sitatengeneza roketi. Nadhani ni kwa sababu ya babu. Mawe aliyoyatoa ardhini yalikwenda mbali, yakapewa majina ya wanunuzi na ya miji asiyoijua, na hakuna hata moja lililobeba jina lake. Chelomey hakuwa maskini kama babu, wala hakuwa mtu asiye na kosa. Alinyang'anywa, naye akanyang'anya. Lakini wote wawili wananifundisha jambo moja la kazi yetu. Neno linapoletwa mbele yetu limeng'aa, likiwa salamu, mapambazuko au almasi, tusiishie kutafuta asili ya neno tu. Tuulize pia ni kitu gani kilichofunikwa nalo, na ni mikono ya nani iliyokitengeneza.