Søren Sørensen, mzee aliyetupa pH

Mwenye tangi la samaki au bwawa la kuogelea nyumbani lazima ameshasikia habari ya pH. Lakini nani aliyeileta? Leo nakuhadithieni maisha ya Søren Sørensen, mtu wa Denmark.

Alizaliwa 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, mtoto wa mkulima. Chuo Kikuu cha Copenhagen alitaka kusomea udaktari, akaishia kwenye kemia. Mwaka 1901 akawa mkuu wa idara ya kemia kwenye Maabara ya Carlsberg. Naam, hao hao wa kiwanda cha bia. Ila mwenye kiwanda aliweka sharti: elimu itakayopatikana maabarani isifichwe. Ndiyo maana ikatufikia na sisi.

Sørensen alikuwa akichunguza vimeng'enya. Akaona kazi yao haitegemei asidi kiasi gani umetia, bali ukali uliopo kweli ndani ya maji. Tabu ni kwamba hesabu za ukali huo zilijaa sifuri tele. Basi 1909 akazifupisha kuwa namba moja ndogo, pH. Maji safi 7, ndimu kama 2, bahari kama 8. Na kila hatua moja ni mara kumi, si mchezo!

Mimi namshukuru kwa jengine zaidi. Kazi yangu hapa Hopkins, pembeni ya Minneapolis, ni sensa za pH zinazokaa majini miezi na miezi. Sensa ya kupima mara moja ni rahisi, ya kukaa ndiyo shughuli. Kioo chake hushika utando, chumvi ya ndani huvuja, na namba huhama kidogo kidogo kimya kimya. Sørensen alishatuachia dawa: alitayarisha pia maji maalumu ambayo pH yake inajulikana na haiyumbi. Unaichovya sensa humo, ikisema uongo unaiweka sawa.

Alifanya utafiti pamoja na mkewe Margrethe, akastaafu 1938, akafariki mwaka uliofuata.

Huko Ghuba maji mengi ya kunywa hutolewa chumvi baharini, na pH isipowekwa sawa maji hayo hula mabomba. Kwa hiyo ukioneshwa namba ya pH, hata ya bwawa lako, uliza kwanza: sensa hii imesawazishwa lini?