Semei Kakungulu na Sabato

Soma Mwanzo 17 na Kutoka 20:8–11.

Kakungulu, jemadari Mganda, aliwashindia Waingereza nchi za mashariki ya Uganda akitumaini kupewa ufalme. Hakupewa. Huko Mbale akajiunga na Wamalaki, Wakristo walioitunza Sabato. Alipoonywa kwamba tohara ingemfanya Myahudi, alikubali. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akaanzisha jamii ya Abayudaya. Alifariki 1928, lakini jamii hiyo ingali inaitunza Sabato.

Hatumfuati katika kumwacha Kristo. Hata hivyo, aliyekosa kiti cha enzi alipata siku ya pumziko. Wengi wetu hapa Nyarugusu tumeacha mashamba na vyeo. Sabato tumekuja nayo.

Jadilini: Je, tunamtafuta Mungu, au tunatafuta tulichopoteza?